Mtoto wa Wexcombe

Jumatatu ile Lovina Budden alikuwa amepiga magoti akisugua ngazi za kanisa la Askham, mara kivuli cha mtu kikamwangukia mikononi. Hakuinua uso. Viatu alivijua, katika mji ule ni Lyman peke yake aliyevaa viatu vyeupe siku ya kazi.

"Shemeji, ziache hizo ngazi kidogo. Nimekuletea kazi ya kalamu."

"Maji yangu yatapoa."

"Ni sahihi tu. Hata kitambaa hakitakauka."

Lovina akakamua kitambaa, akajifuta mikono kwenye aproni, akasimama taratibu, maana alikuwa na miaka sitini na sita na magoti yake alikuwa ameyatumia sana, kwa sala na kwa sakafu. Lyman alikuwa binamu wa marehemu mumewe, Enos. Alikuwa pia mwenyekiti wa chama cha ukoo wa Budden. Na mwaka huo wa 1930, Massachusetts nzima ikisherehekea miaka mia tatu ya koloni, hapakuwa na ukoo usiotaka jiwe la kumbukumbu. Wabudden walikwisha kununua la kwao. Lilikuwa limelala nje ya karakana ya mchonga mawe, kubwa kama mlango, likingoja maneno.

Maneno yenyewe yalikuwa kwenye karatasi aliyoshika Lyman. "Ambrose Budden, muungwana, wa Great Melling katika Suffolk. Alifika Askham mwaka 1633."

"Mashemasi wamekubali lisimame makaburini," Lyman akasema. "Imebaki wewe, karani, uandike kitabuni na utie sahihi. Mchonga mawe anaanza Ijumaa."

Desturi hiyo Lovina aliijua kuliko mtu yeyote. Hakuna jiwe lililosimama katika makaburi ya Askham ambalo maneno yake hayakuandikwa kwanza katika kitabu cha kanisa, na chini yake: Ni kweli kwa kadiri nijuavyo, kisha jina la karani. Alikuwa karani miaka thelathini na moja. Aliwahi kurudisha jiwe la nahodha mmoja ambaye watoto wake walitaka kumsahau mke wa kwanza.

"Nani kasema alitoka Suffolk?" akauliza.

"Shemeji! Kitabu cha babu."

"Na Wexcombe?"

Lyman akacheka, wala si kwa ubaya. "Yule mtoto bado tu hajazikwa?"

Hapo ndipo palipouma. Babu yao, Shemasi Josiah Budden, alikwenda Uingereza kwa meli mwaka 1884 kutafuta alikotoka Ambrose, mtu wa kwanza wa ukoo huo kukanyaga Marekani. Akapata wawili wenye jina hilo. Mmoja alikuwa mtoto wa bwana mwenye mashamba huko Suffolk. Wa pili alikuwa mtoto wa msokota kamba katika kijiji cha Wexcombe, huko Dorset. Babu akarudi akachapa kitabu chenye jalada jekundu, na ndani akaandika kwamba yule wa Wexcombe alibatizwa Februari 1609 na kuzikwa Novemba mwaka huo huo. Mtoto aliyekufa hapandi meli. Basi Ambrose wao alikuwa muungwana wa Suffolk, na nembo ya ukoo ikashonwa kwenye kitambaa, ikatundikwa juu ya meko ya kina Lyman.

Ni Enos tu aliyekataa. Alikuwa fundi wa matanga, mtu wa kamba na sindano, na alisema moyo wake ulimwelekeza Wexcombe. Kwa miaka ishirini aliandika barua ng'ambo. Kila Juni, ukoo ulipokusanyika, wanaume walimpiga bega wakamwuliza, "Enos, mtoto hajambo?" Naye alicheka pamoja nao. Njiani kurudi nyumbani alikuwa hasemi neno.

"Niachie karatasi mpaka Alhamisi," Lovina akasema.

"Ya nini? Mkutano Alhamisi ni wa kupitisha tu." Lyman akavua kofia, akajipepea. "Shemeji, usije ukanifanyia kama marehemu."

"Marehemu alikufanyia nini?"

"Alinichosha."

"Wewe hukumwona yeye akichoka," Lovina akasema, akarudi kwenye ngazi zake.

Nyumbani wifi yake, Phebe, alikuwa amekaa kibarazani akimenya njegere. Phebe alikuwa dada yake Enos, hakuwahi kuolewa, na walikuwa wakiishi pamoja tangu msiba. Ulimi wake ulikuwa mkali na alijua, na hakuona sababu ya kuuficha.

"Muungwana!" akasema Phebe alipoisoma karatasi. "Sisi? Baba alikuwa anapenga kamasi kwa vidole. Tia sahihi, wifi, mambo yaishe. Jiwe halili chakula."

"Nitaapaje jambo nisilolijua?"

"Si kuapa. Ni kuandika."

"Mbele ya Mungu kuna tofauti gani?"

Phebe akarusha ganda la njegere kwenye ndoo. "Haya. Na ukikataa, Lyman atamwambia mchungaji akutafutie mwenzio. Wewe bila kitabu kile utakuwa nani? Utabaki unanikalia kichwani hapa kutwa nzima."

Lilikuwa neno la kweli, nalo lilimwingia Lovina. Alikwenda chumbani, akavuta kisanduku cha Enos kutoka uvunguni. Ndani mlikuwa na miwani yake, sindano zake tatu za matanga, na bahasha kubwa yenye stempu za Uingereza. Bahasha ile ilifika juma la mazishi. Aliifungua siku hiyo, akaona picha ya kitabu cha zamani chenye maandishi yaliyopinda kama mizizi, macho yakamjaa maji, akairudisha. Miaka minne ikapita.

Sasa aliipeleka kwenye mwanga kibarazani, pamoja na kioo cha kukuzia.

"Ni nini?" Phebe akauliza.

"Kitabu cha kanisa la Wexcombe. Kumbe Enos alimwomba kasisi wa kule apige picha ukurasa wenyewe. Babu alinakili tu. Huu hakuna aliyewahi kuuona hapa."

Picha ilionyesha kitabu kikiwa wazi, kurasa mbili. Mtu mwingine angeona mikwaruzo. Lakini vitabu vya kale vya Askham viliandikwa kwa mkono wa namna hiyo hiyo, na Lovina alikuwa amevipangusa vumbi na kuwasomea watu miaka thelathini. Alianza juu kabisa, palipoandikwa 1609, akashuka mstari kwa mstari, kidole kikifuata.

"Phebe. Hapa. Novemba. Amezikwa Ambrose, mtoto wa Ambrose Budden, msokota kamba."

"Tunajua amezikwa. Hata paka wa hapa anajua."

Kidole kikashuka. Mstari mmoja, wa pili, wa tatu. Kikasimama.

"Februari. Amebatizwa Ambrose, mtoto wa Ambrose Budden, msokota kamba."

"Na hilo pia babu kaliandika."

"Babu kaliandika juu. Hapa liko chini."

Phebe akaacha njegere. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini, sijui bado." Lakini Lovina alihisi moyo ukimpiga. Alikuwa ameandika vitabu vya kanisa maisha yake yote ya ujane na zaidi ya nusu ya ndoa yake. Kitabu cha kanisa hakiandikwi kwenda juu. Kinachotokea leo kinakaa chini ya kilichotokea jana, na hakuna kasisi anayeacha nafasi akangoja. Alitazama tena. Chini ya ule ubatizo wa Februari palikuwa na mstari uliochorwa upana wa ukurasa, na chini ya mstari huo, kwa tarakimu kubwa: 1610.

Usiku ule alisali sala fupi. Hakuomba Enos awe sawa. Aliomba asije akaona anachotaka kukiona.

Jumatano asubuhi alifungua sefu ya kanisa, akatoa kitabu cha kwanza kabisa cha Askham, chenye jalada la ngozi ya ndama, kilichoandikwa na mchungaji wa kwanza. Alikifungua mwaka 1651. Desemba 1651, mazishi ya mjane. Chini yake, Januari 1651, ubatizo. Chini yake, Februari 1651, ndoa mbili. Kisha Machi, tarehe ishirini na tano, sikukuu ya malaika kumpasha Mariamu habari, na hapo hapo: 1652.

Akakaa kwenye benchi. Mistari hiyo ameipita mara ngapi? Watu wa zamani mwaka wao haukuanza Januari. Ulianza Machi. Januari na Februari zilikuwa mkia wa mwaka. Alilijua jambo hilo kwa mikono, kama mtu anavyojua ngazi ya nyumba yake gizani, ila hakuwahi kuliweka mbele ya akili. Babu Josiah hakudanganya. Alipanga. Alikuwa mtu wa kupenda usafi; alichukua mistari ya Wexcombe akaiweka Januari hadi Desemba kama kalenda ya ukutani, na kwa kufanya hivyo akamwua mtoto aliyekuwa hai.

Aliyezikwa Novemba alikuwa mwingine, aliyetangulia. Februari, miezi mitatu baadaye, mama yule alizaa tena, na mtoto akapewa jina la marehemu kaka yake. Kwani makaburi ya Askham yenyewe hayakuwa na Obadiah wawili wa mama mmoja, mmoja wa miezi tisa na mwingine wa miaka themanini?

Alhamisi alasiri walikutana katika ukumbi nyuma ya kanisa. Walikuwepo Lyman, mashemasi watatu, na Mchungaji Crane, kijana wa miaka ishirini na tisa ambaye bado alikuwa akiwaogopa waumini wake. Phebe hakualikwa. Alikuja na soksi ya kufuma, akakaa karibu na dirisha.

Lovina akaweka mezani kitabu cha ngozi, picha, na kioo.

"Eh," akasema Lyman, akiwatazama wenzake. "Je, shemeji, mtoto amefufuka?"

Wakacheka. Hata Mchungaji Crane alicheka kidogo, kisha akakohoa.

"Hakufa," Lovina akasema. "Chukua kioo. Soma wewe mwenyewe, kuanzia juu. Sitaki waseme nimekusomea."

Lyman akainama. Alikuwa msomi, mwandiko wa kale haukumshinda. "Novemba... amezikwa Ambrose, mtoto wa Ambrose Budden, msokota kamba."

"Endelea chini."

"Ndoa... mazishi ya kizee... ndoa. Februari. Amebatizwa Ambrose, mtoto wa Ambrose..." Akarudisha kioo kwenye Novemba.

"Sisi huku," Phebe akasema pale dirishani bila kuinua macho kwenye soksi, "huwa tunabatiza kwanza ndipo tunazika. Sijui waungwana."

"Kasisi alikosea," Lyman akasema haraka. "Alisahau, akajaza baadaye."

Lovina akamsogezea kitabu cha Askham. "Basi na wetu alikosea, mwaka hata mwaka, miaka arobaini. Tazama. Desemba hamsini na moja, Januari hamsini na moja, Februari hamsini na moja. Machi ndipo hamsini na mbili."

Shemasi Tilson, mzee kuliko wote, akavaa miwani, akatazama muda mrefu. "Ni kweli," akasema. "Baba alikuwa akituambia. Mwaka ulikuwa unaanza Machi."

"Mimi nilifundishwa chuoni," Mchungaji Crane akasema, uso ukimwiva. "Nilisahau."

Lyman akajiegemeza kitini. Hakuwa mjinga, na Lovina aliona akili yake ikizunguka kutafuta mlango mwingine. "Sawa. Tuseme mtoto wa msokota kamba aliishi. Na wa Suffolk naye aliishi. Unajua huyo wako alipanda meli?"

"Sijui."

"Ahaa."

"Na wewe unajua wako alipanda?"

Lyman akasogeza kioo pembeni.

"Kuna wosia wa Ambrose," Lovina akaendelea. "Mnao nyumbani kwenu, ndani ya fremu. Mstari wa mwisho unasemaje?"

"Kwa dada yangu Thomasin, kama yu hai ng'ambo, blanketi langu jema," Lyman akasema, kama mtoto anayesoma kwa kichwa. "Babu alieleza hilo. Ni dada katika imani."

"Mimi nina dada katika imani arobaini humu kanisani," Phebe akasema. "Hakuna hata mmoja atakayepata blanketi langu."

Safari hii mashemasi walicheka wakiwa upande wa Lovina.

Lovina akaweka kidole kwenye ukurasa wa pili wa picha, chini kabisa. "Agosti 1612. Amebatizwa Thomasin, binti wa Ambrose Budden, msokota kamba. Nimetafuta kitabu cha babu chote. Katika watu wa Suffolk hakuna Thomasin hata mmoja."

Nje mtu alikuwa akipiga msumari kwenye ua wake.

"Mama yangu," Lyman akasema polepole, "alishona nembo ile miezi saba. Macho yake yaliishia pale. Unataka nimwambie nini? Kwamba alishona upuuzi?"

Lovina hakuwa amelitegemea hilo. Alimkumbuka bibi yule, jinsi alivyokuwa akishika kitambaa karibu na pua. Kwa kitambo alitamani kukunja picha na kwenda zake. Kisha akaitazama karatasi iliyokuwa mezani, ile yenye nafasi ya jina lake.

"Mwambie alishona vizuri," akasema. "Mimi sitatia sahihi Suffolk. Wala sitatia sahihi Wexcombe."

"Wifi!" Phebe akaangusha soksi. "Enos alitaka Wexcombe!"

"Enos alitaka kweli. Na kweli yote bado sinayo. Mtoto aliyezikwa, ubatizo wake uko ukurasa wa nyuma ambao hawakuupiga picha. Nimeandika barua asubuhi hii. Mpaka hapo, niandike ninachokijua. Jina, mwaka, na kazi. Ardhi ya kwanza aliyopewa hapa ilikuwa ya kusokotea kamba, mtaa wenyewe mpaka leo unaitwa Mtaa wa Kamba. Mahali alikotoka, mstari uachwe mtupu."

"Jiwe lenye pengo!" Lyman akainuka. "Watu mia mbili waje kutazama pengo? Shemeji, karani si askofu. Karani anaweza kubadilishwa."

Mchungaji Crane akayatazama mafundo ya meza.

Lovina akatoa ufunguo wa sefu mfukoni mwa aproni. Aliuweka mezani, na kando yake akaweka kalamu na wino. Kisha akatoa kitabu cha kanisa cha kuandikia maneno ya mawe, akakifungua mahali alipokwisha kunakili maneno ya Lyman kwa mwandiko wake safi, pamoja na yale yaliyofuata siku zote: Ni kweli kwa kadiri nijuavyo.

"Ufunguo huo hapo," akasema. "Sitamchukia atakayeuchukua. Ila atie sahihi hapa, sasa hivi, mbele yetu."

Shemasi Tilson akakunja mikono. Wa pili akasema yeye mwandiko wake mbaya. Wa tatu alikuwa kiziwi kidogo, na siku hiyo uziwi ukazidi.

"Tia wewe, shemeji," Lovina akamwambia Lyman, bila ukali. "Wewe unajua."

Lyman akachukua kalamu. Akachovya. Akaishika juu ya ukurasa, na midomo yake ikasogea, akisoma yale maneno machache. Tone la wino likadondoka pembeni. Mwishowe Lyman akaiweka kalamu chini.

"Kalamu ya kanisa hii mbovu," akasema.

"Ina miaka mingi," Lovina akakubali.

Akakaa. Akachukua karatasi yake, akatoa penseli mfukoni, akapiga mstari juu ya Great Melling na Suffolk. Akasita. "Muungwana siwezi kuliacha?"

"Alisokota kamba, Lyman."

Akapiga mstari wa pili.

Walikusanyika Jumamosi ya mwisho ya Juni, watu mia mbili na kumi, chini ya mahema nyuma ya makaburi. Kulikuwa na kome waliofukizwa kwa mwani shimoni, vyungu vya maharage yaliyopikwa usiku kucha, na pai za stroberi ambazo Phebe alizilinda kwa kijiko. Jiwe lilikuwa limesimama. AMBROSE BUDDEN, MSOKOTA KAMBA. ALIFIKA ASKHAM 1633. Katikati ya mistari hiyo miwili mchonga mawe alikuwa ameacha nafasi laini, upana wa kiganja, na watu walipita wakiigusa.

Mjomba Hosea, mwenye miaka tisini, alikuja akikokota fimbo. Yeye hakuwa ameambiwa lolote, au aliambiwa akasahau. Alimwona Lovina amesimama peke yake kando ya jiwe, na mazoea ya miaka ishirini yakamjia mdomoni.

"Lovina!" akapaza sauti. "Mtoto hajambo?"

Watu mahemani wakageuka. Lyman, aliyekuwa amebeba sahani mbili za maharage, alisimama hapo alipo.

"Hajambo, mjomba," Lovina akasema. "Ana wajukuu mia mbili na kumi, na pai hazitawatosha."

Kicheko kilichopasuka hapo kilikuwa kirefu, na hakikuwa cha kumdhihaki mtu. Lyman akamfikia, akampa sahani moja.

"Kasisi wa Wexcombe hajajibu?"

"Bado. Meli ya juzi haikuleta kitu."

"Jumatatu nitapita posta mwenyewe," akasema, akaanza kula hapo hapo kwa kusimama, akilitazama lile pengo.